Mwenye presha anapewa dawa, mwenye kisonono anapewa mahubiri. Kwa nini?

#1 Mtazamaji_Kimya (mleta uzi)
Wakuu, salamu.

Juzi nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu yangu kwa daktari. Aliyenitangulia ni mzee wa presha. Kaingia, kapimwa, kaambiwa "pole mzee, pumzika na usiruke vidonge", katoka na cheti chake. Akafuata kijana. Mlango ukabaki wazi. Benchi zima tukasikia: "Usaha umeanza kutoka lini? Una wanawake wangapi? Kondomu hukuzijua?" Kijana alitoka kainamisha kichwa, akalipita dirisha la dawa bila kusimama, akaenda zake.

Yaani kaondoka na ugonjwa wake. Kisonono husababishwa na bakteria, na kisipokuwa sugu au kukomaa hadi kuleta madhara, kwa kawaida hutibiwa kwa sindano moja. Presha mtu anaishi nayo hadi mwisho. Sasa kwa nini ugonjwa unaoweza kuisha leo hii ndio unaopokewa kwa ukali, na ule wa kudumu ukapokewa kwa pole? Nataka sababu, si lawama tu.

#2 Kambi_Popote
Naweka kambi hapa. Waje wenye taaluma.

#3 Mwanalugha
Mimi si tabibu ila jibu naliona kwenye jina. Tunayaita "magonjwa ya zinaa". Zinaa si neno la kitabibu, ni neno la dhambi. Mke aliyetulia na mumewe, akaambukizwa na mume huyo huyo, anaandikiwa ugonjwa wa zinaa. Mtoto aliyezaliwa na kaswende aliyoipata tumboni mwa mama yake, naye ana ugonjwa wa zinaa. Daktari hajafungua mdomo, jina limeshahukumu.

Wapo siku hizi wanaosema "magonjwa ya ngono" au "yanayoambukizwa kwa kujamiiana". Ni refu, lakini halimshtaki mtu. Na tukumbuke tulivyoacha "mwathirika" tukasema "anayeishi na VVU", na "mkoma" tukasema "mwenye ukoma". Hayo hayakuja yenyewe, wagonjwa waliyapigania.

#4 Baba_Wawili
Mwanalugha umenena, ila sikubali kwamba jina ndiyo sababu. Kifafa hakina zinaa ndani yake. Mdogo wangu anacho. Alipoanguka darasani wenzake walikimbia wakisema ukikanyaga povu lake unaambukizwa. Mwalimu akamtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Alipopelekwa kutibiwa, swali la kwanza mama aliloulizwa ni "nyumbani kwenu mmekosana na nani?"

Povu lile ni mate tu, haliambukizi chochote. Kijiko ni kosa kubwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa chake, tazama saa, na degedege likizidi dakika 5 mkimbizeni kwa daktari. Kwangu mzizi ni hofu. Mtu akiogopa kuambukizwa, anakuwa mkali ili mgonjwa aondoke haraka.

#5 Bi_Saumu
Ndugu Baba_Wawili, pole kwa mdogo wako. Hofu sikatai, lakini nisikilize na mimi.

Nilikuwa na fistula miaka minne. Nilishikwa na uchungu siku mbili, mtoto akakwama, alipotolewa alikuwa ameshafariki. Kichwa cha mtoto kikikandamiza muda mrefu, nyama za njia ya uzazi zinakosa damu, zinakufa, panabaki tundu hadi kwenye kibofu. Mkojo unatiririka usiku na mchana bila wewe kutaka. Haiambukizi hata kidogo. Sikuipata kwa zinaa. Hata hivyo, mtoa huduma wa kwanza niliyemwendea aliziba pua, akafungua dirisha, akamwita mwenzake aje kuona. Kuona nini? Sikurudi kule, ndiyo maana ikafika miaka minne.

Wa pili alivuta pazia kwanza. Kisha akakaa, hakusimama juu yangu. Akasema: "Hii inaitwa fistula. Si kosa lako na wewe si wa kwanza." Miaka minne yote hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitu kile kina jina. Nilifanyiwa upasuaji, nikakaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili, ulipotolewa nikawa mkavu. Tundu lilikuwa lile lile siku zote, na upasuaji ule ulikuwapo siku zote. Kilichonikosesha tiba ni yule aliyeziba pua.

Na mjue pia: mkojo ukianza kuvuja siku chache tu baada ya kujifungua, usikae nyumbani kuona aibu. Tundu dogo likiwahiwa linaweza kuziba kwa mpira peke yake, bila kisu.

#6 Kambi_Popote
Pole sana Bi Saumu, na ahsante kwa kusema.

#7 Mpenda_Hoja
Pole dada. Mimi naleta sababu ya tatu: tunawaonea huruma wale tunaoamini hawakujitakia. Mwenye saratani ya mapafu swali la kwanza ni "ulikuwa unavuta?" Wapo wengi wanaoipata na hawajawahi kushika sigara. Mwenye uraibu wa heroini anaitwa teja hata na anayemkabidhi methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo. Hata huyo mzee wa presha wa mleta uzi, angekuwa mnene angepata mahubiri yake pale pale. Kwa hiyo mkuu, kichwa cha uzi wako kina kasoro kidogo.

#8 Mtazamaji_Kimya
Kasoro naipokea, mzee wangu kweli alikuwa mwembamba. Lakini nadharia yako inakwama hapo juu kwenye namba 5. Fistula nani kajitakia? Na kifafa?

#9 Mpenda_Hoja
Wanatafutiwa la kujitakia. Angalia swali aliloulizwa mama yake Baba_Wawili. Watu wanapokosa kosa la mgonjwa wanaunda moja, kwa sababu wakikubali kwamba linaweza kumpata yeyote, basi linaweza kuwapata wao.

#10 Nesi_wa_Zamu
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi niko upande wa pili wa meza, miaka kumi na moja sasa.

Nitasema jambo nililolifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo alikuja binti, maumivu chini ya kitovu na uchafu ukeni. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida tu, sikumgombeza: "Umeyatoa wapi haya?" Akanyamaza. Nikamwandikia vipimo, hakwenda maabara. Alirudi baada ya miezi, maambukizi yameshapanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Maambukizi yakifika huko yanaweza kuacha makovu, na makovu yanaweza kumfanya asishike mimba au ishike nje ya mfuko wa uzazi. Nilimuuliza kwa nini hakurudi mapema. Akasema, "Ulishanijibu siku ile."

Swali lile halikuwa na kazi yoyote kwenye tiba. Nilichohitaji kujua ni lini alianza kuumwa, kama ana mimba, dawa gani inamdhuru, na kama mwenzake anaweza kuletwa. Siku hizi naanza hivi: "Nina maswali ambayo namuuliza kila mtu, mengine ni ya ndani. Usilotaka kujibu niambie." Hayo tu, na watu wanasema yote.

Kuhusu sababu: Mpenda_Hoja kakaribia, ila mnasahau chumba. Chumba kimoja, meza mbili, wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, mlango haufungi, foleni mia. Hata mwenye huruma ya namna gani, pale siri haina mahali pa kukaa.

#11 Kata_ya_Mtungi
Nesi, heshima kwako kwa ukweli huo. Lakini chumba kisisingiziwe sana. Sauti inaweza kushushwa hata chini ya mti. Tunaziita "sehemu za siri" halafu mtu anaulizwa habari zake mbele ya foleni!

#12 Mzee_wa_Busara
Wahenga walisema mficha uchi hazai. Vijana wajifunze kusema shida zao, wasiwategee madaktari kubahatisha.

#13 Bi_Saumu
Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli mficha uchi hazai. Lakini mkunga asipofunga mdomo wake, nani atamvulia?

#14 Kata_ya_Mtungi
Mzee_wa_Busara, hapo umepatikana. 😄

#15 Mzee_wa_Busara
Marahaba binti yangu. Hilo nalichukua.

#16 Msoma_Historia
Kwa wanaodai ni hofu (namba 4): ingekuwa hofu tu, ujuzi ungeiondoa. Armauer Hansen wa Norway aligundua bakteria wa ukoma mwaka 1873, shujaa wa kweli aliyetuonyesha kwamba si laana. Tangu miaka ya 1980 kuna mseto wa dawa unaoponya kwa miezi 6 au 12. Watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake, na kupeana mkono hakuambukizi. Mbona mwenye ukoma bado anatengwa? Na kwa kiapo cha mwaka 1948 madaktari huapa kutunza siri, mbona zinavuja?

#17 Daktari_Mstaafu
Masahihisho mawili kwa nia njema.

Kwanza, usiri haukuanza 1948. Kiapo cha Hipokrati, tabibu wa Ugiriki ya kale, kina zaidi ya miaka elfu mbili, na usiri umo ndani yake. Cha 1948 ni Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani. Hilo linasema siri itunzwe hata baada ya mgonjwa kufariki.

Pili, Hansen kama shujaa, polepole. Alijaribu kumwambukiza mgonjwa mmoja wa kike kwa kumchoma jichoni bila ridhaa yake, na mwaka 1880 mahakama ya Bergen ikamwondoa kwenye nafasi yake ya udaktari hospitalini. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba ugonjwa ule si laana, na bado hakumwona yule mama kuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Ujuzi peke yake haukumletea heshima kwa mgonjwa.

Mfano wa upande mwingine ni mwaka 1987 London. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alimpa mkono mgonjwa wa UKIMWI bila glavu, picha ikazunguka dunia. Kinachosahaulika ni kwamba yule mgonjwa alipigwa picha kwa nyuma, uso wake hauonekani. Dunia nzima iliona huruma na yeye akabaki na siri yake.

#18 Msoma_Historia
Nimesahihishwa, ahsante daktari. La mahakama sikulijua.

#19 Dada_Mkubwa
Mnaimba usiri tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nina hasira nao. Mdogo wangu ameolewa, mume alikuwa anajua ana VVU, daktari wake anajua, nesi anajua, mshauri anajua. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja tu, anayelala naye. Huruma ya namna gani hiyo? Siri ya mgonjwa mmoja imezaa mgonjwa wa pili. Nijibuni.

#20 Baba_Wawili
Hapa nami nakaa na dada. Kuna siri na kuna kuficha silaha.

#21 Daktari_Mstaafu
Dada, pole. Hasira yako ina haki na hata mahakama zimeihangaikia. California mwaka 1976, kesi ya Tarasoff: mgonjwa alimwambia mtaalamu wa saikolojia kwamba atamuua msichana fulani, na akamuua. Mahakama ikasema mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Kwa hiyo usiri haujawahi kuwa ukuta usio na mlango. Hata hivyo kesi ile haikuhusu maambukizi, na kwa VVU sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.

#22 Nesi_wa_Zamu
Dada_Mkubwa, sitakuambia utulie. Nitakueleza kinachopaswa kufanyika, kwa sababu kwa mdogo wako inaelekea hakikufanyika.

Mgonjwa anapewa njia. Anaweza kumwambia mwenzake mwenyewe. Au wanakuja wote, tunamsaidia kusema. Au anakubali sisi tumtafute mwenzake na kumwambia apime, bila kutaja aliyetupa jina lake. Au tunapatana siku maalumu: akishindwa hadi siku hiyo, tunamwambia sisi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri wanaokutwa na VVU wapewe msaada huo kwa hiari, si kuachiwa karatasi wakahangaike nayo. Ukimwambia tu "kamwambie mkeo" na kumfungulia mlango, hapo hujatunza siri, umemtelekeza na mke wake pia.

Lakini nikitangaza siri za watu kwa lazima, mwezi ujao hawaji kupima. Asiyepima hana siri ya kutoa wala dawa ya kumeza. Hilo nalo linazaa wagonjwa.

#23 Dada_Mkubwa
Nimekuelewa, nesi. Sijakubali, ila nimekuelewa. Mdogo wangu hakuitwa na mtu yeyote.

#24 Mpenda_Hoja
Na wengi hawajui kwamba mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu haambukizi tena. Si kwa kujamiiana, si kwa kunyonyesha, si kwa lolote. Wangejua, kusema kungekuwa rahisi.

#25 Daktari_Mstaafu
Kujamiiana ndiyo, na ushahidi ni mzito. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa 2016 ulifuatilia jozi 888 za wapenzi, mmoja ana VVU na anatumia dawa, mwingine hana. Walikutana kama mara 58,000 bila kondomu na hakuna ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenza huyo. Kunyonyesha ni habari nyingine: hatari inashuka sana lakini haifiki sifuri, kwa hiyo mama anahitaji kufuatiliwa. Kuchangia sindano nako usikuweke kwenye kapu hilo.

#26 Kopo_la_Dawa
Mnaongelea midomo ya watu. Dawa zenyewe zinatoa siri. Kopo la ARV linalia kama kayamba ukitembea nalo. Najua watu wanaojaza pamba ndani lisilie. Wengine wanavihamishia vidonge kwenye karatasi vinapata unyevu. Muulizeni mfamasia akupe namna salama, si aibu.

Kuna dawa moja katika mseto wa ukoma, klofazimini, inaigeuza ngozi rangi, inakuwa nyeusi au nyekundu nyekundu. Inarudi polepole baada ya tiba kuisha, lakini miezi yote hiyo jirani anakuona. Rifampisini, nyingine ya mseto huo, inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mtu asipoambiwa haya mapema anatupa dawa akidhani inamuua, au anaiacha ili watu wasijue.

#27 Njia_Panda
Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Wanaume wenzangu wanaokwenda kununua vidonge vya nguvu za kiume kwa kificho: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuziba mapema, na nguvu kupungua kukawa onyo la mapema. Mimi nilikaa miaka miwili nanunua vya kificho kwa aibu. Siku nilipomwambia daktari, hakucheka wala kutabasamu. Akapima presha, sukari na mafuta kwenye damu. Sukari ilikuwa juu na nilikuwa sijui. Angecheka ningerudi kwenye vidonge vyangu.

#28 Kata_ya_Mtungi
Hujatoka nje ya mada hata kidogo, kaka.

#29 Mgeni_Leo
Samahani wakubwa, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Wiki ya tatu sasa mkojo unachoma na kuna usaha. Sijaenda kwa sababu anayeandikisha wagonjwa pale karibu ananijua mimi na mama yangu. Nina vidonge alivyobakiza rafiki yangu, vinne. Nivimeze?

#30 Nesi_wa_Zamu
Usivimeze. Vinaweza kupunguza dalili bila kukuponya, na bakteria wa kisonono ni hodari wa kujenga usugu. Tena huenda si kisonono peke yake, klamidia, ambukizo jingine la ngono, mara nyingi huja nacho.

Kama kuna mahali pengine ambapo hujulikani, nenda huko. Kama hakuna, mapokezi si lazima utaje ugonjwa. Sema: "Nina tatizo la kibinafsi, naomba kumwona daktari faraghani." Ukiingia mlango ukiwa wazi, omba ufungwe. Una haki hiyo. Na usilale na mtu kwa sasa.

#31 Mwanalugha
Mgeni_Leo, karibu. Hakuna hapa atakayekuuliza umeyatoa wapi.

#32 Mtazamaji_Kimya
Turudi kwenye swali wakuu. Tuna jina, hofu, kujitakia, chumba. Kuna aliyebaki na nyingine?

#33 Muuguzi_Mgonjwa
Ninayo. Mimi ni mtoa huduma na nina sonona, natibiwa. Natibiwa mbali na kazini kwangu, kwa sababu nawajua wenzangu wanavyowasema wagonjwa wa akili wakati wa mapumziko. Hatuwahukumu wagonjwa kwa kuwa hatujasoma. Tunawahukumu kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuuliza sisi tuko vipi. Aliyechoka vile, aliyezika wagonjwa wangapi bila kupewa nafasi ya kulia, huruma yake imekauka. Siwatetei, nasema nilichokiona.

#34 Bi_Saumu
Yule aliyeziba pua hakuwa amechoka, alikuwa anacheka. Lakini wewe pole, dada au kaka. Endelea na tiba.

#35 Mgeni_Leo
Nimerudi. Nimeenda asubuhi.

Mapokezi nilisema ile sentensi ya nesi. Yule anayenijua aliniangalia kidogo, akaandika, akanionyesha mlango, basi. Daktari alifunga mlango mwenyewe kabla sijaomba. Sindano moja na vidonge vya siku saba. Amechukua damu apime VVU na kaswende, majibu nitayarudia. Hakuniuliza nina wangapi, aliuliza nani mwingine anahitaji kutibiwa. Nilimtaja.

Ila kwenye dirisha la dawa aliyenipa alisoma jina la dawa na jina langu kwa sauti, na nyuma yangu walikuwa watatu. Sijui kama waliijua dawa ile. Nimekuwa nikiwaza hao watatu siku nzima.

Nimepewa karatasi ya mwenzangu, ina namba tu, haina jina la ugonjwa. Bado iko mfukoni.

#36 Nesi_wa_Zamu
Hongera kwa kwenda. La dirishani usiliache, siku ya majibu mwambie daktari, akalifikishe. Karatasi mpe leo. Na msikutane kimwili kwa siku saba, zinazohesabiwa tangu wa mwisho kati yenu atakapotibiwa, si tangu leo asubuhi. Akichelewa yeye, mmechelewa wote.

#37 Mgeni_Leo
Sawa. Nampigia sasa.